Kifua Baada ya Tarumbeta

Walimwita Kifua kwa sababu ya pumzi zake. Aliweza kushika sauti moja ya tarumbeta hadi mpiga ngoma apate nafasi ya kufuta jasho na kurudi kwenye ngoma zake, na sauti ile bado iko hewani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mashine ya kufuma katika kiwanda cha nguo. Jumapili aliwakusanya wafanyakazi wenzake kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya seremala, wakafanya mazoezi katikati ya harufu ya gundi na vumbi la mbao. Alipofika miaka thelathini bendi ilikuwa na watu kumi na wawili, na kiwandani alishaaga.

Alikuwa kiongozi mkali. Nyimbo zote alitunga yeye, na kila mahali patamu pa tarumbeta alijipa mwenyewe. Nyuma yake alisimama mpulizaji wa pili, mtu mpole waliyemwita Bubu. Kwa miaka tisa kazi ya Bubu ilikuwa kuitikia tu.

Siku moja, wakishusha vyombo kwenye lori mbele ya ukumbi, spika kubwa iliteleza ikampiga Kifua usoni. Meno mawili ya mbele yalivunjika, mdomo wa juu ukapasuka, akashonwa nyuzi kumi na moja. Daktari hakumficha.

"Kula utakula, kuongea utaongea. Tarumbeta, mzee wangu, sahau."

Hakusahau. Aliweka meno ya bandia, akajifungia chumbani miezi mitatu akijaribu. Mdomo ulikuwa na ganzi upande wa kushoto, pumzi ikavujia pembeni, na tarumbeta likatoa sauti ya birika linalokaribia kuchemka. Mkewe, mshonaji, alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake akisikia yote.

Huku nyuma maneno yalishaanza. Mpiga gitaa la solo alikuwa anatafuta bendi nyingine, na wengine walikaa mguu ndani mguu nje. Kifua akapiga moyo konde, akaingia mazoezini mikono mitupu.

"Bendi haijafa," alisema. "Tarumbeta la kwanza atapiga Bubu. Mimi nitaongoza na kutunga."

"Utaongoza kwa kitu gani?" mpiga solo akauliza.

"Kwa masikio. Hayo hayakugongwa."

Walicheka, na siku hiyo hakuna aliyeondoka.

Kazi ilikuwa kwa Bubu. Kifua alimwimbia kila kipande kwa mdomo ule mbovu, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Hapo umeharakisha. Panda, kaa, ndiyo ushuke. Rudia." Mwishowe Bubu akaliweka tarumbeta magotini.

"Kaka, mimi si mdomo wako. Pumzi zako sina na sijawahi kuwa nazo. Miaka tisa tumesimama pamoja, umewahi kunisikia kweli?"

Kifua alivunja mazoezi ya siku hiyo. Nyumbani alimweleza mkewe, akitegemea kuungwa mkono. Mkewe hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Umemvisha suruali yako, halafu unamgombeza kwa kuwa na miguu mifupi. Mtu anapimwa kwanza, ndiyo unakata."

Maneno yalimchoma. Asubuhi alikwenda kwa Bubu, akavuta kigoda, akamwambia, "Piga unachotaka wewe."

Bubu alidhani anataniwa. Kisha akapuliza, chini chini, kwa vipande vifupi vyenye vituo, kama mtu anayesimulia jambo bila haraka. Kifua alikaa pale saa mbili. Sauti hiyo ilikuwa mgongoni kwake miaka yote, na yeye ndiye aliyeifunika kwa kelele zake.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Yameisha. Tufanye kazi."

Tangu hapo alitunga kwa namna nyingine. Alimfuata mmoja mmoja, akamsikiliza, ndipo akaandika. Mpiga solo alitungiwa wimbo ulioanza na gitaa lake peke yake, na habari za kuhama zikafa kimya kimya. Bubu alipewa wimbo wa fundi aliyejifunza upya kazi yake kwa mkono wa kushoto.

Redio iliwaita kuurekodi. Studioni Kifua alisimama mbele yao, mkono juu. Tarumbeta lilipoingia, wivu ulimpanda, wala hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Aliumeza, akaendelea kuhesabu mapigo kwa kidole. Walipomaliza, fundi mitambo aliuliza mpulizaji ni nani.

"Muulize mwenyewe," Kifua alisema. "Na jina lake uandike kamili, usiandike Bubu."

Aliongoza miaka ishirini na sita mingine, akatunga nyimbo zaidi ya mia, na hakuanza hata mmoja kabla ya kujua ataupiga nani. Tarumbeta lake alimpa Bubu mwaka ule ule waliporekodi, kwa sababu chombo kikilala sandukuni kinaharibika. Alipoacha kuongoza, kilichomshinda ni magoti, si mdomo.