Hirizi ya Mama Nimeizika Kwenye Gari ya Mdogo Wangu

Assalaam alaykum admin na nyote mnaosoma hapa. Nifichie jina, na ile picha ya gari niliyokutumia usiiweke, maana Pemba ndogo hii na gari kama ile ni moja tu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi Wawi na Mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Kazi yangu ni kuunda boti za faiba. Ndiyo, mwanamke. Mshangao wenu uwekeni pembeni, banda na ufundi nimerithi kwa marehemu Baba, na mkono wangu unajulikana mpaka Kiuyu.

Mdogo wangu kapagawa na mbio za magari. Si za kulipwa, ni zile za wapenzi wanaokutana bara kwenye uwanja wa lami, kila mtu na gari yake ya kawaida aliyoichezea. Safari hii aliniomba nimtengenezee kava la chini, la kufunika tumbo zima la gari, ili upepo upite chini kwa kasi na kuivuta gari ishike barabara kwenye kona. Kanuni zao kali: kava liwe bapa, lisishuke chini ya kimo walichopanga, lisitokeze mbele ya bampa, na pasining'inie kitu chochote. Nilizisoma mpaka nikazihifadhi. Nikachonga kalibu, umbo la kulazia faiba, sehemu ya nyuma nikaipandisha kidogo kama tunavyofanya kwenye tezi la boti, upepo upate pa kutokea. Lilitoka zuri, nilijisifu peke yangu bandani.

Sasa Mama. Kaka yetu mkubwa alifariki kwa ajali ya honda, pikipiki yake, na tangu siku hiyo Mama akisikia injini inanguruma hukaa chini. Hakumkataza mdogo wangu kwenda mashindanoni. Alikwenda kutafuta hirizi. Akaniletea bandani, imeshonewa ngozi, imepakwa mafuta ya udi, inanukia.

"Itie mbele kabisa, pahala panapofika mwanzo," akanambia. "Na yeye asijue, atanicheka. Na siku utakayoitoa, mie na wewe hatuna radhi."

Mtakaokuja kunambia hirizi ni shirki, nimewasikia, mbishane na Mama siku nyengine. Mie shida yangu ni hii. Baba akiunda boti, mwenye boti akitaka, alikuwa akiweka karatasi yenye aya kati ya tabaka za faiba kwenye omo, mbele ya boti. Karatasi inakunywa gundi, inakuwa kitu kimoja na boti. Basi na mie nikafanya kama Baba. Nikailaza hirizi kati ya tabaka kwenye ukingo wa mbele wa kava, nikamimina gundi juu, nikapiga msasa pakawa bapa. Hakuna anayeweza kujua. Lakini ile ya Baba ilikuwa karatasi kavu, na hii ni ngozi iliyolowa mafuta. Gundi ya faiba haishiki kwenye mafuta. Najua hilo tangu utotoni, na siku ile sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Faiba tunaipima kwa kuigonga kwa vidole. Palipo pazima panalia ko, palipoachana panajibu bu, kama unagonga mto. Baada ya mdogo wangu kuijaribu gari mara ya kwanza niliingia chini, nikagonga pale mbele. Bu. Nikazungushia penseli, duara dogo. Alipoikimbiza tena, nikarudi kugonga, na ile bu imeshavuka penseli. Nilibaki nimelala chini ya gari. Tabaka zikifunguka mbele, upepo utaingia katikati, utalichana kava lote, na litakwenda chini ya matairi naye yuko kwenye mwendo. Wakaguzi wa huko watapima kimo na ubapa, watalipitisha. Hakuna kanuni niliyovunja.

Nilijaribu kumwambia Mama kwa upole. Akanitazama sana.

"Kwa hiyo ile hirizi ndo itakayomuua mwanangu?" Akaanza kutetemeka, presha ikapanda, tukampeleka hospitali. Tangu arudi, kila nikitoka bandani ananiuliza neno moja tu: "Ipo?" Namjibu: "Ipo, Mama."

Kuitoa ni kuikata kwa grenda, ngozi na maandishi yake. Nitapaziba na atakayejua ni mie na Mungu tu. Lakini nikiikata, halafu mdogo wangu akapata ajali kwa sababu nyengine kabisa, breki au mwenzake kumgonga, nitaishi vipi? Nitakuwa nimemvua kinga kwa mkono wangu na radhi ya Mama nimeikosa. Nikimwambia mwenyewe, namjua, atalipasua palepale na kwenda kumfokea Mama, na Mama sasa hivi hawezi kufokewa. Na nikinyamaza, nalisikia lile bu hata nikiwa kwenye sala.

Gari inapanda meli kesho kutwa. Leo asubuhi mdogo wangu alikuja bandani, anacheka, akajilaza chini ya gari pamoja na mie.

"Dada, wenzangu wote wanaogopa kona ya mwisho," akasema. "Mie siogopi, kava kaunda dada yangu. Ebu ligonge nisikie mwenyewe."

Ndugu zangu, nililigonga. Lakini niligonga pembeni, pale palipo pazima. Likalia ko, akanipiga bega, akatoka anapiga mluzi.

Grenda iko mbele yangu na Mama yuko ndani ananiita. Mlio na mama, mliowahi kuzika ndugu, niambieni kabla meli haijaondoka: niikate, au niiache?