Nilimvua nguo mgombea mwanamke mwenzangu

Nimekosa, jamani! Msinitafutie sababu, sina.

Nina miaka ishirini na nne, ni msusi katika kijiji kimoja huku Nachingwea. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika, mwanamke mmoja aligombea uenyekiti wa kijiji. Nitamwita dada Somoe. Ndiye aliyesimama mkutanoni, wanaume wakimzomea, mpaka pampu ya kisima ikatengenezwa. Maji yale na mimi nayanywa!

Lakini sisi wasichana tulimsema kuliko hata wanaume. "Anaringa huyo!" "Kaachika mara mbili, ataongoza nani?" Mimi nasuka, wateja wanacheka.

Siku moja nikarekodi sauti, nikaitupa kwenye kundi la kijiji: Somoe kapitishwa kugombea kwa sababu analala na kiongozi fulani. Uongo mtupu! Niliutunga pale pale kibarazani, nikitaka watu wacheke tu.

Wakacheka kweli. Ikawafikia wanawe shuleni. Kura zikahesabiwa, akashindwa.

Baadaye baba yangu akafariki. Kaka zangu wakachukua mikorosho yote, hata ile aliyonigawia baba mbele ya mashahidi. Nikaenda kwa mwenyekiti tuliyemchagua. Hata kiti hakunipa.

"Binti, wewe utaolewa. Mikorosho ya nini? Kawaombe radhi kaka zako."

Radhi! Mimi! Nilitoka pale na hasira. Nikajua nani angenisikiliza.

Dada Somoe alikuwa ameshahamia Ruangwa, anauza vitenge sokoni. Nikamfuata, nikapiga magoti mbele ya meza yake, nikamwambia yote.

"Sauti yako niliijua siku ileile," akasema. "Kuninyima kura ilikuwa haki yako. Kunivua nguo mbele ya wanangu, hapana."

"Nisamehe, dada."

"Sijaweza." Akamgeukia mteja.

Sasa ni msimu. Kaka zangu wanaokota korosho zangu, nami nawatazama nikiwa barabarani. Yule mwenyekiti bado namwamkia shikamoo kila tukikutana. Najichukia!

Wasichana wenzangu, mgombea hafai? Mnyimeni kura, mseme na kwa nini. Lakini mwanamke mnamwuliza kaachwa na nani, mwanaume hamumwulizi kaacha wangapi! Huo ni wazimu gani? Fungeni midomo yenu! Mimi sikuufunga wangu.