Pengo la Mwalimu Kibwana

Usiku ule nililala na hasira, na mwenye hasira halali, hugeuzwageuzwa kitandani kama chapati. Asubuhi yake chuoni kwetu kulikuwa na onyesho la muziki mpya, na mimi, mwalimu wa klarineti besi, ndiye niliyepewa kazi ya kupiga mbele ya wageni. Juu ya nota lilichapwa jina la mtunzi: Dakta Mapunda, mkuu wetu wa idara. Alikuwa mwongo. Muziki ule ulikuwa wa marehemu Mwalimu Kibwana, aliyenifundisha ala hii tangu nikiwa siwezi hata kuibeba.

Nilijua kwa sababu niliusikia ukizaliwa, chumba cha jirani, mwaka baada ya mwaka. Lakini masikio si ushahidi. Siku ya mazishi Dakta ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Wiki haikuisha, akaenda kwa mjane akabeba maboksi yote ya nota, eti akayahifadhi. Kila niliyemweleza aliniambia nimwachie Mungu. Nikamwachia, lakini moyo uliniwaka.

Basi usingizini nikajikuta chumba namba saba, alimokuwa akifundishia Mwalimu. Madirisha yalikuwa yale yale, ila sakafu ilikuwa udongo mwekundu wa makaburini, na stendi za nota zimechomekwa humo kila mahali. Mwalimu amekaa kwenye kiti chake, sanda ameikunja hadi viwikoni, klarineti besi imelala mapajani. Ananitazama vile alivyokuwa akimtazama mwanafunzi asiyefanya mazoezi.

Namwamkia shikamoo.

Anaweka ala mdomoni na vidole vinaanza kukimbia, lakini hapulizi. Nasikia vibonyezo tu, tak, tak-tak, mvua ya kwanza juu ya bati. Kufumba na kufumbua tuko sebuleni kwa mjane wake, na pale yalipokaa maboksi pana alama za vumbi ukutani. Bado anabonyeza. Najitetea kwamba nimevumilia, kwamba subira huvuta heri. Anaitoa ala mdomoni taratibu.

"Rehema," anasema, "mimi sikuja kuleta subira."

Kisha anafungua kinywa na kukisogeza karibu yangu, harufu ya udongo ikinijia usoni.

"Nihesabie meno."

Nahesabu yale ya mbele, ya chini. Mawili, pengo, matatu. Pengo hilo alikuwa nalo tangu namjua, na alipenda kulitania mwenyewe. Ananiamuru nirudie. Mawili, pengo, matatu. Naye anaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye ameshamaliza somo.

Sasa ni ukumbini, na Dakta Mapunda ameketi kwenye kiti cha mtunzi, anatabasamu, na kinywa chake kimejaa meno kupita kiasi, yanasukumana kutoka nje. Mwalimu amesimama nyuma yake, mkono begani kwake. Dakta anatokwa jasho na hajui kwa nini. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilitaka atokwe jasho hadi alowe viatu. Mwalimu akaniinamia sikioni.

"Muulize," alisema. "Kwa adabu."

Nikaamka taya zikiniuma, jua limeshafika kitandani. Nikazikimbilia nota za Dakta. Juu ya mistari, mahali pengi, palikuwa na alama ya vijiti vifupi vilivyosimama. Alama hiyo haimo kitabuni popote. Mwalimu aliibuni kwa kuchora meno yake mwenyewe: vijiti viwili, nafasi, vijiti vitatu. Maana yake usipulize, bonyeza tu. Mwaka wangu wa kwanza aliichora kwenye daftari langu ili nicheke, akaandika maelezo chini yake kwa mkono wake na kutia sahihi.

Katika nota za Dakta vijiti vilikuwa sita. Kila mahali sita, vimepangwa sawasawa. Nilikuwa nimezifanyia mazoezi siku zote hizo kwa mazoea tu, bila kuhesabu. Bwana mkubwa alidhani kalamu ya marehemu iliteleza, akamsahihishia.

Nikalitafuta daftari mpaka nikalipata, chini ya sanduku. Nikampigia simu mjane, nikamwomba aje akae mstari wa mbele. Nikavaa gauni jeusi nililovaa mazishini.

Chuoni kwetu kuna desturi, na aliyeianzisha ni Mwalimu Kibwana: kabla ya kupiga muziki mpya, mpigaji humuuliza mtunzi hadharani maana ya kila alama ngeni. Dakta aliketi kwenye kiti kile, akatabasamu. Nikamuuliza vijiti vile vinapigwaje. Akakohoa kidogo, akawaeleza wageni kwamba ni pumzi sita fupi za nguvu, alizozitunga kwa kusikiliza moyo wake.

Nikamshukuru. Nikalifungua daftari langu, nikaliweka kwenye stendi likiwaelekea watu, nikampa mjane nafasi ya kuutambua mwandiko wa mumewe. Kisha nikamgeukia.

"Na pengo, Dakta," nikamuuliza kwa adabu, "umelipeleka wapi?"