Sifuri ya Bi Chapa

Kwa miaka ishirini na saba Bi Chapa alichapa hukumu za watu, na hakuna hata moja aliyoielewa. Si kwamba alikuwa mjinga. Mchapaji wa mahakama ana kazi yake: hakimu anaandika kwa mkono, mwandiko kama kuku kapita na miguu yenye wino, na mchapaji anaugeuza kuwa maandishi yanayosomeka. Macho kwenye karatasi, vidole kwenye mashine, akili iko nyumbani kwenye sufuria. Nani kashinda na nani kashindwa, hayo ni ya wenyewe. Jina la Bi Chapa alibandikwa na makarani wenzake, likamganda kama kupe, ingawa alipenda kusema kwamba katika maisha yake hajawahi kumchapa hata paka.

Kisha mwaka mmoja ukamletea mawili. Mumewe, fundi wa majokofu, alianguka kazini asiinuke tena. Nayo mahakama ikaletewa kompyuta, mahakimu wakaanza kujichapia wenyewe. Bi Chapa akapewa barua ya kustaafu, saa ya ukutani na makofi. Binti yake wa pekee, muuguzi, alikuwa ameolewa mbali, safari ya ndege mbili. Alipiga simu kila Jumapili mchana, dakika kumi, kumi na mbili akiwa na nafasi. Siku sita zilizobaki Bi Chapa aliongea na redio. Ilifika mahali msoma habari akisema, "Habari za mchana," naye anamjibu, "Nzuri, sijui zako."

Siku moja alikwenda kununua rangi ya mlango. Kando ya duka la rangi palikuwa na ngazi, na ukutani kibao: chuo cha sheria, ghorofani. Aliacha kopo lake kwa muuzaji, akapanda.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vinne. Kilianzishwa na mawakili wastaafu waliochoka kuona watu wa mtaani wakishindwa kesi kwa kutojua tu mlango wa kuingilia. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja, wengi wakitoka makazini jioni: muuguzi wa zahanati, askari mstaafu, wauza duka, vijana wachache waliokosa nafasi vyuo vikubwa. Harufu ya rangi ilipanda kutoka chini, na wageni walishikwa na kizunguzungu wiki ya kwanza.

Mwandikishaji alimtazama Bi Chapa, akatazama nyuma yake. "Umemleta nani, mama?"

"Nimejileta."

Basi akaanza. Sheria ilimjia kwa namna ya ajabu. Maneno aliyajua yote, maana vidole vyake viliyapiga mara elfu. Alichokosa ni maana. Alikuwa kama mtu aliyebeba mizigo ya watu maisha yake yote, leo ndipo anafungua gunia na kuona kilichomo. Usomaji ulimpendeza. Mapumziko ndiyo yalimchosha. Kengele ikilia wenzake walitoka wawili wawili, watatu watatu, wakicheka mambo ya kwenye simu. Walimheshimu, tena mno. "Shikamoo, Mama Chapa," kisha wanampisha njia kama gari la wagonjwa. Yeye alikaa kwenye ngazi na chupa yake ya chai. Siku nyingine alimimina vikombe viwili kwa mazoea ya miaka mingi, akaishia kuvinywa vyote.

Mwalimu wa mwenendo wa mashauri alikuwa mzee aliyetembea kwa mkongojo, na Mkongojo ndilo jina walilomwita akigeuza kisogo. Huyo alikuwa na wimbo mmoja. "Msisome hukumu kama mnasoma tangazo la msiba," alisema. "Sentensi ya mwisho inatoka tumboni mwa zile za kabla yake. Ukiona mtoto hafanani na mama, uliza."

Mwaka wa pili ulikuja na zamu ya Jumamosi. Kila mwanafunzi alikaa kwenye meza ya msaada wa sheria, na wakili mmoja nyuma kuangalia wasipotoshe watu. Ndipo mshona magodoro alipokuja.

Alikuwa mwanamke wa umri kama wake, mikono imejaa makovu madogo ya sindano. Alitaka kibali cha kibanda sokoni, na ofisi ilimdai ithibati ya mahali alipowahi kuishi. Alimwaga mezani mfuko mzima wa makaratasi. "Sijui lipi ni lipi," alisema. "Chagua mwenyewe."

Bi Chapa akachagua. Karatasi ya tano ilikuwa hukumu ya miaka kumi na moja nyuma, na kabla hajasoma neno aliitambua. Herufi "e" ilikuwa inaruka juu ya mstari. Mashine yake ilikuwa na ugonjwa huo, na fundi alishindwa kuutibu. Chini kabisa, kushoto, zilikaa herufi mbili ndogo za jina la mchapaji. Zake.

Alitabasamu, kama mtu aliyekutana na picha yake ya zamani. Kisha akaisoma, mara ya kwanza kwa maana. Mshona magodoro alikuwa mjane, nyumba yake imesimama kwenye kiwanja cha shemeji yake, na kwa sheria kiwanja kilikuwa cha shemeji kweli. Lakini hakimu aliandika kwa huruma. Alitaja kwamba mjane anamuuguza mama yake asiyeweza kutembea. Akasema ubinadamu unataka apewe muda mrefu na wa kutosha kutafuta makazi. Na sentensi ya mwisho ikasema aondoke ndani ya siku 9.

Mtoto hakufanana na mama.

"Ulipewa siku tisa?" Bi Chapa aliuliza.

"Tisa. Siku ya hukumu sikuwepo, nilikuwa na mama hospitali. Nikaletewa karatasi na dalali wa mahakama, ndiyo hiyo." Mwanamke alicheka bila furaha. "Hakimu mwenyewe hata sura yangu alikuwa haijui vizuri, lakini alinichoka. Mashemeji mpaka leo wananiita Bi Siku Tisa. Wanasema hata serikali haikutaka kuniona."

Bi Chapa alimtafutia karatasi aliyoihitaji, akamwandikia barua ya kibali, akaomba kubaki na nakala ya hukumu.

Jumatatu alikwenda masjala ya mahakama. Mtunza majalada, mzee waliyekula naye chakula cha mchana miaka mingi, alimkaribisha kwa kelele, akamtolea jalada bila maswali mengi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa yule hakimu, marehemu sasa. Siku 90. Sifuri ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, lakini imefungwa vizuri, hakuna wa kubisha. Bi Chapa aliipita alipochapa. Hakimu naye akatia sahihi bila kusoma. Sasa Bi Chapa alijaribu kuikumbuka siku hiyo na hakukumbuka chochote. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na msiba. Ilikuwa siku ya kazi kama nyingine.

"Umepata ulichotafuta?" mtunza majalada aliuliza.

"Nimepata."

"Mbona umekaa chini?"

Wiki ile ilikuwa ndefu. Alitamani mtu wa kumwambia. Alipitisha majina kichwani kama anayepekua jalada, na mengi yalikuwa ya marehemu. Jumapili binti alipopiga, akamsimulia yote.

"Mama," binti alisema, "kwani nani anajua?"

"Mimi."

"Basi. Miaka kumi na moja, mama! Nyumba haipo, hakimu hayupo. Maji yakimwagika hayazoleki. Utajidhalilisha bure na shule yako hiyo." Kisha kwa upole, "Umekula lakini?"

"Nimekula," alisema, na hakuwa amekula.

Alimweleza Mkongojo kesho yake, mlango umefungwa. Mwalimu aliisoma nakala, akasoma mwandiko, akavua miwani. "Mahakama inaweza kusahihisha kosa la uandishi hata baada ya miaka," alisema. "Ombi ni ukurasa mmoja. Lakini wewe huwezi kuwa upande wa msaada tena. Wewe sasa ni shahidi. Utaapa, utasimama, utasema ni wewe."

"Najua, mwalimu. Ulitufundisha."

"Nilifundisha darasani," alisema Mkongojo. "Sikudhani mtu ataniletea." Akavaa miwani tena. "Anza kwa mwenye kesi. Bila yeye hatufanyi lolote."

Mshona magodoro alifanya kazi uani, nyuma ya nyumba ya kupanga, amekaa katikati ya godoro lililopasuliwa, pamba imemzunguka hadi magotini. Bi Chapa alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Yalimtoroka yote. Alisema tu: hakimu aliandika tisini, mimi nilichapa tisa, na hizi hapa karatasi zote mbili.

Mwanamke hakuzishika. Sindano ilibaki hewani. Midomo yake ikawa inasogea, na ilichukua muda Bi Chapa kuelewa kwamba anahesabu.

"Mama alikufa siku ya ishirini na sita," alisema hatimaye. "Tulimbeba juu ya godoro, mimi na majirani, tukampeleka chumba cha kupanga. Kila asubuhi ananiuliza, mwanangu, tunarudi lini? Namwambia kesho." Aliichoma sindano kwenye kitambaa. "Tisini. Angefia kitandani kwake."

Bi Chapa alitaka kusema samahani. Alilisema, na neno lenyewe likawa dogo, likapotea kwenye ile pamba.

"Usilie hapa," mwanamke alisema, bila ukali. "Nina kazi ya mtu ya kumaliza." Akashona mishono mitatu, minne. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakimu hakunichoka."

"Hakukuchoka. Soma hapa juu. Alikuonea huruma."

"Nisomee wewe. Si ndiye uliyeandika?"

Bi Chapa akamsomea, amechuchumaa, kuanzia mstari wa kwanza. Walipofika mwisho mwanamke akasema, "Hilo ombi lenu, fanyeni. Nyumba sitaki, nyumba si yangu. Nataka karatasi iseme tisini. Nitaibandika mlangoni mwa shemeji yangu kwa gundi."

Shauri lilisikilizwa wiki sita baadaye, asubuhi, katika chumba kilekile ambamo Bi Chapa alikuwa akipeleka mafaili. Askari mstaafu, mwanafunzi mwenzake, ndiye aliyekaa upande wa mwombaji chini ya wakili. Nyuma kabisa walikaa makarani wawili wa zamani, wamekuja kushuhudia. Hawakumsalimia. Mmoja aliangalia kucha zake muda wote.

Hakimu alikuwa mwanamke kijana. "Shahidi, kosa hili ni lako?"

"Ni langu, mheshimiwa."

"Kuna aliyekulazimisha kuja kusema?"

"Hakuna."

"Unajua kwamba waweza kushtakiwa kwa madai ya hasara?"

"Nimesoma, mheshimiwa. Mwaka wa kwanza."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akakohoa kuficha. Hakimu akaandika. Haikufika robo saa. Akaamuru rekodi isomeke siku tisini, kuanzia siku ya hukumu yenyewe.

Nje, penye ngazi za mahakama, mshona magodoro alipokea nakala yenye muhuri. Aliishika kwa ncha za vidole isichafuke, akaikagua kana kwamba inaweza kubadilika tena. Bi Chapa alisimama hatua tatu nyuma.

"Sina la kukwambia leo," mwanamke alisema. "Labda siku nyingine."

"Siku yoyote, dada. Unajua chuo kilipo."

Siku hiyo nyingine haikuja. Kesi ya hasara nayo haikuja. Bi Chapa aliambiwa tu na askari mstaafu kwamba kibanda sokoni kimepatikana na kinaenda vizuri. Mara mbili alifika hadi kona ya soko. Mara zote mbili alimwona kwa mbali, akipima godoro kwa viganja, akibishana na mteja, akicheka. Mara zote mbili Bi Chapa aligeuka akarudi.

Chuoni habari zilienea, kama kawaida ya nyumba ndogo. Wengine walimwonea fahari, wengine walimwonea haya, na matokeo yalikuwa yaleyale: njia wakaipanua zaidi. Ila askari mstaafu alianza kuja kukaa ngazini wakati wa mapumziko, ngazi mbili chini yake, akila karanga kimya kimya. Hakuwa na maneno, na Bi Chapa hakumtaka awe nayo. Mwaka wa tatu mzee huyo akahamia kwa mwanawe, akaacha masomo.

Mwaka huohuo Bi Chapa alianguka somo la mikataba, akalirudia. Wa nne akamaliza. Walihitimu kumi na wanane, na kila mmoja alitengewa viti viwili vya wageni katika ukumbi wa kukodi. Binti alituma ujumbe wa sauti: zamu hospitali imebana, mama, lakini najivunia, nimewaonyesha wenzangu wote picha yako. Bi Chapa aliusikiliza mara tatu akiwa amevaa joho.

Mpiga picha alikuwa na haraka. Familia zilisukumana, shangazi wakigombania nafasi ya mbele, watoto wakipanda viti. Zamu yake ilipofika, mpiga picha aliinua kamera, akaishusha, akaangaza huku na huku.

"Wenzako wako wapi, mama? Waite, nawasubiri."

"Piga tu, mwanangu."

Akanyoosha kola ya joho, akatazama mbele, na mpiga picha akapiga.