Mjomba Aliyekaa Nje ya Hema

Nilianza na gunia moja la mitumba sokoni Arua, shule nimeiachia darasa la nne, na leo duka langu la nguo Koboko nani halijui? Kwa hiyo watu wa Pajulu walipokuja kumposa binti yangu, nikasema mji utikisike. Nikakodi hema, vipaza sauti, na emsii wa kuongoza sherehe kutoka Arua, kijana wa suti ya kubana na viatu bila soksi. Ukoo wetu nikaushonea kitenge cha sare. Wageni nao wakaja na emsii wao. Wawili hao wakarushiana Kiingereza cha puani, watu wakashangilia bila kuelewa, na mimi wa kwanza kupiga makofi.

Mke wangu akanifinya. "Kaka yangu iko wapi?"

Kaka yake ni mkulima wa Abuku. Kwetu, mjomba wa msichana asipotamka kwamba amekubali, hakuna ndoa, hata ng'ombe wajae uwanja. Alikuja na koti lake kuukuu na gambuti za shambani, bila sare, basi vijana wa mapokezi wakamketisha nje ya hema, karibu na masufuria. Sasa alikuwa ameondoka. Binti yangu alishaambiwa. Nilimwona anajifunika uso.

Nikatoka mbio na viatu vyangu vilivyochongoka. Nikamkuta njia ya Abuku, anatembea polepole.

"Shemeji, rudi. Mtoto analia."

"Analia nini? Redio iko naongea."

"Redio gani?"

"Ile umevalisha suti. Wewe siku ya kuomba dada yangu, ulivaa miwani nyeusi, suruali pana, na Lingala ya Ariwara mingi! Hakuna mutu alisikia kitu. Lakini uliomba na mdomo yako."

Kweli. Enzi zile Lingala ya Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ndiyo iliyotupa ukubwa. Baba zetu walitamba kwa Kiswahili cha kambi za jeshi. Sasa ni Kiingereza, na suruali hizo za kubana ni mimi ninayeziuza. Sioni haya, ndizo zilizonijenga. Lakini pale njiani, jasho linanitiririka, mimi ninayeweza kumuuzia koti mtu aliyekuja kununua soksi, nilibakiwa na neno moja. Nikalisema kwa Kikakwa, lugha yetu, taratibu, "Nakuomba."

Akatazama miguu yangu. "Viatu inakuumiza."

"Sana."

"Twende."

Tulipita katikati ya hema, nikamkalisha kwenye kiti changu. Emsii wangu akamsogezea kipaza sauti, shemeji akakisukuma kando. Akamwangalia binti yangu. "Mimi nimekubali."

Vigelegele! Emsii akadaka, akaanza kufafanua kwa Kiingereza, mkono hewani, hatulii, hamalizi.

Shemeji akanigeukia. "Mimi ndiyo nimesema hiyo yote?"

Binti yangu alikuwa ameshasimama, anafuta machozi, anacheka. Mimi nilibaki wima nyuma ya kiti, mkono juu ya bega la shemeji, nisije nikageuka akawa ameondoka tena.