Koti Lisilochakacha

Kazi yangu ni kuwaongoza wawindaji porini. Juzi koti langu la mvua lilichakacha hivi kwamba swala akatimka kabla mgeni hajainua bunduki. Bosi akaniambia, "Ukija tena na kelele hizo, baki nyumbani."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa sokoni Kalerwe kwa Hajati Zaituni, muuza mitumba, roho juu juu. Niliona koti zito la kijani limetundikwa mlangoni. Nikalivaa, nikanyata kati ya meza zake nimetega sikio, nikapunga mikono. Kimya. Nikajimwagia maji ya chupa begani. Yote yakateleza chini. Nililitaka mno, ila nikaogopa Hajati akijua atapandisha bei. Basi nikanusa kwapa la koti, nikakunja uso.

"Hajati, mwenye koti hili alikuwa haogi. Nipunguzie."

Hajati akamtazama mzee aliyeketi kwenye benchi nyuma yangu, akijaribu viatu.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "mimi nimeoga leo asubuhi. Ukimaliza kulijaribu nirudishie, niende kazini."