Nilimpima Kocha Wetu kwa Daftari Nikamdhulumu

Kosa ni langu. Sikushikiwa kalamu wala sikutishwa na mtu. Nimeona bora niseme huku msikonijua, maana kijijini kwetu nikipita watu bado wananisifu kwa jambo lile lile linaloninyima raha.

Mimi ni mtu wa darasa la saba tu. Timu yetu huku kusini mwa Mafia walinipa ukatibu kwa sababu moja: naandika kila kitu. Nani kafunga, nani kachelewa, mvua ilinyesha dakika ya ngapi. Hata mke wangu hunitania, "Wewe siku ya kufa utaandika saa kwanza, ndiyo ufe."

Na timu yetu ni kubwa, jamani! Kwa kisiwa hiki sisi ndio sisi. Kwa wenzetu nafasi ya tatu ni sherehe. Kwetu ni msiba, watu wanakaa barazani wameinamisha vichwa.

Sasa msimu ule kocha alikuwa Mwalimu Gaudensi, mtu wa bara, aliyeletwa kufundisha shule ya msingi. Tulizoeana sana. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa makuti, na siku nyingi alikula kwangu. Akiona daftari langu ananisahihisha herufi, taratibu, bila kunidharau.

Tukamaliza msimu tukiwa nafasi ya tatu. Kelele zikaanza! Kamati ikaitisha kikao: je, kocha huyu amefikia kile ambacho timu kubwa inakitarajia, au hakufikia? Nikaambiwa nilete daftari. Mwenyekiti akasema, "Katibu hana upande. Alichoandika ndicho."

Nilijisikia mkubwa. Ndiyo, nakiri!

Nilikaa siku tatu napanga. Nataka niwe wa haki, kwa hiyo mazuri yake niliyaandika yote. Alifundisha mabeki kupasiana badala ya kubutua. Aliondoa matusi uwanjani. Hakuna mchezaji aliyepewa kadi nyekundu. Niliandika pia kwamba kocha wa zamani, aliyechukua ubingwa, alikuwa na wachezaji wote nyumbani. Halafu sentensi hiyo nikaifuta! Nilijiambia, watasema namtetea kwa kuwa anakula kwangu.

Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Maana ukweli ni kwamba tangu utaratibu wa hifadhi ya bahari uanze kufuatwa sawasawa, na nyavu za kukokota zikaachwa, vijana wetu wengi hawavui tena hapa karibu. Wanakwenda dago, yaani wanahamia kambi ya uvuvi kule kaskazini, Bweni, wanakaa wiki kadhaa. Wachezaji wetu wanane wa kikosi cha kwanza walikuwa huko karibu msimu mzima. Wanarudi siku ya mechi wamepauka chumvi. Kocha wa zamani hakuyaona hayo.

Na kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Mazoezi yetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ijumaa tisa Mwalimu hakutokea. Nikaandika: "Kocha hayupo," wala sikumuuliza alikuwa wapi. Tisa, zikafuatana kwenye karatasi kama nyayo za mwizi.

Kikao kilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilisoma yote, mazuri na mabaya. Nilipofika kwenye Ijumaa, mjumbe mmoja, Bwana Shomari, alipiga paja.

"Ehee! Si niliwaambia? Ijumaa sisi tuko msikitini, yeye yuko kwenye pombe!"

"Pombe sikuandika," nikasema.

"Uandike mara ngapi? Mtu mzima haelewi?"

Mwalimu Gaudensi akasimama. Hakuwa na hasira. "Ijumaa nilikuwa Bweni," akasema. "Vijana wako kule. Nikiwangoja hapa nitafundisha milingoti ya goli."

Watu wakacheka. Shomari akasema, "Bweni kuna nini zaidi ya ule mnara wa taa wa meli? Umekwenda kuufundisha mpira?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mwalimu akangoja kiishe. "Nawaombeni jambo moja tu. Wiki mbili zijazo vijana wanavunja dago, wanarudi. Waulizeni wenyewe. Kisha mniondoe mkitaka."

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, wewe ndiye mwenye daftari. Tungoje?"

Ndugu zangu! Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nimelelewa na mtu ambaye Ijumaa chombo chake hakikushuka majini hata samaki wangekuwa wanaruka ufukweni. Ijumaa watu wa dago wanakaa nchi kavu, wanaoga, wanasali, wanashinda. Kama kuna siku moja katika wiki ya kuwapata wachezaji wanane kwa pamoja, ni Ijumaa! Nilijua. Pale pale nilipokaa, nilijua kwamba yule mtu huenda anasema kweli.

Lakini macho yote yalikuwa kwangu. Nikawaza, nikisema tungoje, watasema wali wa mke wangu ndio unaosema. Nikaangalia chini. Nikajibu, "Daftari halingoji dago."

Wakapiga makofi! Shomari akanishika mkono. Nusu saa baadaye Mwalimu hakuwa kocha tena.

Nyumbani mke wangu aliniuliza, "Imekuwaje?"

"Nimetenda haki."

"Haki gani inayokufanya usile?"



Vijana walirudi mapema, siku ya kumi. Mlinda mlango wetu, Mwinyi, alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu, hata mizigo hajatua. Kwa kawaida huniamkia. Siku hiyo hakutoa shikamoo.

"Katibu, ni kweli umesema Mwalimu alikuwa mtoro?"

"Nimeandika kwamba hakuwapo hapa."

"Hapa!" Alicheka, lakini machozi yalimlengalenga. "Kila Ijumaa tukitoka kusali tunamkuta ametukalia mchangani na gunia la mipira. Kachafuka vumbi la barabara mpaka nyusi. Anatufundisha mpaka magharibi, analala na sisi kwenye vibanda, asubuhi anarudi. Wewe jirani yake hukusikia pikipiki?"

Nilisikia. Kila Ijumaa nilisikia ikiondoka, nikaandika tu kwamba hayupo.

Nilipita kwenye ua wa makuti kwenda kwake. Mlango ulikuwa na kufuli. Shuleni wakaniambia ameomba uhamisho, amevuka kwenda bara siku mbili kabla, bila kuniaga.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Nikamwambia tuitishe kikao, nijisahihishe mbele za watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Katibu, yamepita. Unataka tuonekane wajinga kwa ajili ya mtu aliyekwisha ondoka?" Wala sisemi yeye ndiye mbaya. Maneno aliyoyaamini yalitoka kinywani mwangu.

Nilimpigia Mwalimu simu. Nilikuwa nimeandika la kusema, karatasi mkononi, nikashindwa kuisoma. Nikalia tu, mtu mzima na mvi zangu.

Akasema, "Katibu, daftari lako halikuniumiza. Uliandika ulichokiona. Mimi niliumia ulipoangalia chini."

Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Mungu anasamehe. Mimi bado najaribu." Akaniuliza kama Mwinyi amepona goti, tukaagana.

Kocha tuliyempata ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Yuko hapa Ijumaa zote, anafundisha watu saba na milingoti. Ninaandika: "Kocha yupo." Kila nikiliandika hilo, naikumbuka ile pikipiki.

Wewe unayepewa kazi ya kumpima mwenzio, awe kocha, mwalimu au mkwe, nisikilize. Ukiandika kwamba mtu hakuwapo, hujamaliza kazi mpaka uulize alikuwa wapi. Na huyo mtu akiwa rafiki yako, usimkazie kamba ili watu wakuone huna upendeleo! Mimi nilimnyima rafiki yangu wiki mbili ambazo mtu nisiyemjua ningempa bila kuombwa.